Ardis Pruess, Silinda Sita na Barua Isiyo na Sahihi

Majirani, jamaa na wanachama wenzake wa chama cha magari ya zamani mliofika kanisani leo, Ijumaa tarehe 31 Mei 2002, familia imenipa mimi, mpwa wake, kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu, na mume wake Norbert, aliyeketi hapa mbele, amesisitiza kwamba nisiruke hata mstari mmoja.

Marehemu Ardis Pruess alizaliwa tarehe 9 Machi 1938, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya Westby, Wisconsin, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana na Bibi Tollefsrud, na tangu utotoni hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa. Alipokuwa na miaka tisa alisimama karibu na lori la baba yake likiunguruma, akainamisha kichwa, akasema, "Baba, silinda ya nne inadanganya," baba akamcheka, kisha akafungua plagi ya nne akaikuta imekufa.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapohapo Westby, akahitimu mwezi Mei 1956, na mwaka uliofuata akaajiriwa Janesville katika karakana ya kuchonga vyuma, mwanamke pekee kati ya wanaume thelathini na wanne, akafanya kazi hapo miaka arobaini na moja hadi alipostaafu mwaka 1998, na wenzake wanakumbuka kwamba kipimo chochote alichopewa na mtu mwingine alikipima upya, hata kama mtu huyo alikuwa msimamizi wake.

Tarehe 18 Juni 1960 alifunga ndoa na Norbert Pruess, fundi wa mabomba na matanuri ya kupashia nyumba joto, wakajaliwa watoto wawili, Renata mwaka 1962 na Duane mwaka 1965. Norbert alikuwa mtu wa injini za silinda nane, kama karibu wanaume wote wa mji huu, lakini Ardis alishikilia zile za zamani zenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, akisema zinazunguka bila kutetemeka na hazina pa kuficha ugonjwa. Mwaka 1971 alitoa gari aina ya Hudson la mwaka 1953 ghalani kwa mjane mmoja, injini ikiwa imeganda kabisa, akaihangaikia miaka mitatu, na jirani yetu Lyle Hegna, karani wa kanisa hili, ambaye naye alipenda silinda sita, akamtafutia kabureta mbili zilizokuwa adimu, wakawa wakiinamia boneti hiyo pamoja kila Jumamosi, huku Norbert akiwatazama kutoka dirisha la jikoni.

Jumapili ya tarehe 14 Agosti 1983, katika mashindano ya magari ya zamani, Ardis aliyashinda magari kumi na moja, likiwemo la mume wake mwenyewe, na kabla hajapewa kikombe mwamuzi alitoa mfukoni barua iliyopigwa chapa, isiyo na sahihi, akaisoma mbele ya watu wote, kwamba injini ya Bibi Pruess imetanuliwa silinda kupita kanuni na kwamba ushindi wake ni wizi.

"Ama ufungue injini, ama uliondoe gari," mwamuzi alisema.

"Nitaifungua mwenyewe," Ardis akajibu, "na asiiguse mtu."

Aliifungua chini ya turubai kwa saa nne, watu wakiwa wamemzunguka na soda zao mkononi, wengine wakicheka chinichini, Norbert akiwa amemshikia sinia la boliti, kisha silinda zote sita zikapimwa moja baada ya moja na zote zikakutwa halali. Akapewa kikombe, lakini gasketi ilikuwa imechanika, na gari likarudi nyumbani likivutwa na lori la Lyle.

Kuanzia siku hiyo shangazi yetu alibadilika. Aliweka kufuli kwenye boneti, akatia doa la rangi kwenye kila boliti ili ajue ikiguswa, akawa akipiga hesabu ya nani alicheka na nani aliangalia pembeni, na ile barua, aliyoiomba kwa mwamuzi, aliitunza kwenye droo ya vifaa akiichunguza kwa kioo cha kukuzia, kwa maana herufi "e" ilikuwa imeziba wino tumboni. Alikusanya kila karatasi iliyopigwa chapa mjini, matangazo ya chama, maelekezo ya mapishi, barua za shule, mpaka Oktoba alipoiona "e" ileile kwenye ratiba ya ibada, akavuka ua kwenda kwa Lyle.

"Lyle, hii herufi unaifahamu?"

"Ni ya mashine ya ofisi ya kanisa."

"Na anayeitumia nani?"

"Mimi," alisema Lyle.

"Basi tumemalizana."

Akapanda safu ya misonobari kati ya nyumba hizo mbili, akahamia benchi la upande wa pili hapa kanisani, na kwa miaka kumi na minane hakumsalimia Lyle Hegna, wala alipofiwa na mkewe hakwenda kumpa pole.

Mwezi Januari 2002 madaktari waligundua kansa ya kongosho, wakasema wazi kwamba ni miezi tu, na Jumapili ya tarehe 3 Machi Norbert alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamwambia mkewe kwamba barua ile aliiandika yeye, kwa mashine ya kanisani, siku alipokwenda kutengeneza tanuri la kanisa, kwani alikuwa na ufunguo wa ofisi.

Kwa siku tisa Ardis alikula alichopikiwa na hakusema naye ila habari za dawa. Siku ya kumi akamwuliza kwa nini.

"Nilidhani mna jambo, wewe na Lyle," Norbert alisema. "Nilitaka ufedheheke, uache kukutana naye."

"Tulikuwa na kabureta, Norbert," alisema Ardis. "Nenda kamwambie. Nenda mwenyewe, kwa miguu, na usipige simu kwanza."

Norbert alikwenda, na jioni hiyo Lyle alikuja na bakuli la viazi vya jibini, akasimama mlangoni akiwa bado na kofia kichwani.

"Ulijua?" Ardis akamwuliza.

"Funguo zilikuwa mbili tu, Ardis."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniamini?"

"Nisingekuamini," alisema.

Tangu hapo Lyle ndiye aliyempeleka hospitali kila Jumanne na Alhamisi, Norbert akiketi kiti cha nyuma, na hatuwezi kuwaambia kwamba alimsamehe mumewe, kwa sababu hakutamka hivyo na sisi hatutamwekea maneno kinywani. Tunachojua ni kwamba wiki ya mwisho alimruhusu amshike mkono. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 27 Mei 2002, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Norbert ametaka haya yasomwe hapa kwa kuwa barua yake nayo ilisomwa mbele za watu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, wafanyakazi wenzake wa karakana waliobeba jeneza, wanachama wa chama cha magari ya zamani, akina mama wanaotuandalia chakula ukumbini, na jirani yetu Lyle Hegna, ambaye tunamwomba, ibada ikiisha, asiondoke kupitia mlango wa nyuma kama alivyozoea, bali aje asimame nasi familia kupokea pole.

Shangazi Ardis, umepima vya kutosha, sasa pumzika, na amani iwe yako.