Miaka Thelathini na Moja ya Mzee Longinus, na Mstari wa 217

Mzee Longinus Bigirwa anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Kasulu miaka thelathini na moja na miezi mitatu. Alipoanza, Machi 1994, baadhi yetu tunaomuaga leo tulikuwa hatujazaliwa.

Nimepewa ukurasa huu kwa sababu meza yake iko ndani ya stoo yangu, na tumekaa pamoja humo miaka sita. Niliambiwa niandike mambo ya furaha. Yapo, nitayaandika. Lakini lipo na lile lingine, ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelitamka akiwa ameshika soda. Nalo nitaliandika. Mwenyewe nilimuuliza kama nilitaje. Akasema, "Usipolitaja, Careen, utakuwa unamuaga mtu mwingine."

Alikuja kama fundi wa redio za mawasiliano, wakati wakimbizi wakimiminika kutoka mpakani na simu hakuna. Alizunguka kwa baiskeli kutoka Kibondo mpaka Kabanga, antena imefungwa kwenye keria. Siku moja alipanda mnara, aliposhuka akakuta viatu vimeibwa. Akamaliza siku mbili za kazi akiwa peku. Daktari mmoja alipomshangaa, alimjibu kwamba redio haiangalii miguu.

Simu zilipoenea, redio zikatupwa nyuma ya stoo, na wengi wakadhani naye atafuata. Mwaka 2009, akiwa na miaka arobaini na minne, akaokota kitabu cha lugha ya C kilichoachwa na mgeni, hakina hata jalada. Alikisoma miaka miwili, kamusi pembeni. C ni lugha ya zamani ya kuandikia programu, na haikubembelezi. Inakukabidhi mashine yenyewe mkononi, ukikosea hakuna wa kukudaka. Mzee aliipenda kwa hilo hilo.

Kutoka kwenye kitabu kile ikazaliwa Mizani. Wote mnaijua: unamlaza mtoto, kioo kinauliza jina na mengine, mashine inakokotoa dozi kwa uzito na kutoa karatasi. Kabla yake wauguzi walikuwa wanapiga hesabu nyuma ya kadi, mtoto analia, mama analia. Leo ziko thelathini na saba katika vituo vya Kasulu na Kibondo. Programu yote aliiandika yeye, kwa vidole viwili.

Alifundisha pia. Mimi ni wa kidato cha nne na mtunza stoo, nilikuwa nakaa darasani kwake nikinyonyesha, na hakuwahi kuniambia nitoke nje. Kwa wasiokaa karakana, nieleze somo lake moja, maana bila hilo yanayofuata hayataeleweka.

Programu ikiwa kazini huomba nafasi ndani ya mashine ya kuweka mambo yake. Ikimaliza inairudisha, na nafasi ileile anapewa anayefuata. Eneo hilo la kuomba na kurudisha, Mzee aliliita lundo. Katika C unaweza kuomba kwa namna mbili. Ukiomba kwa malloc, unapewa nafasi kama ilivyo. Ukiomba kwa calloc, unapewa ikiwa imejazwa sifuri. Mzee alisema: malloc ni kukodi shamba Nyakitonto. Umeonyeshwa mipaka tu. Mihogo ya aliyekutangulia bado imo ardhini, na ukichimba utadhani ni yako. Kwa hiyo ukiomba kwa malloc, kazi yako ya kwanza ni kusafisha, ndipo upande. "Na kabla ya hapo," alikuwa anaongeza, "hakikisha shamba umepewa kweli. Kuna siku mashine haina nafasi, inakujibu hakuna, na wewe kwa haraka zako unalima hewa!"

Darasa zima tulicheka. Alilijua somo hilo kuliko mtu yeyote katika nyanda hizi.

Machi mwaka jana akaandika toleo jipya la Mizani, lenye kasi zaidi na lisilomaliza betri. Kwenye mstari wa 217 aliomba nafasi ya taarifa za mtoto kwa malloc, na hakuisafisha. Hakusahau. Aliamua. Alifikiri hivi: jina, uzito, umri, yote muuguzi atayajaza, ya nini kusafisha mahali panapokwenda kujazwa? Akaijaribu wiki nzima hapa karakana kwa majina ya wajukuu zake. Kila nafasi ilijaa, kila karatasi ikatoka sawa.

Alichokisahau ni cha kwao nyumbani. Katika vijiji vingi vya huku, na kwao Kitanga pia, mtoto mchanga hukaa siku kadhaa hana jina, mpaka wakubwa wa ukoo wakutane. Muuguzi akifika kwenye jina na jina halipo, anabonyeza Ruka. Na Ruka iliruka ukurasa mzima, uzito ukiwa ukurasa huohuo. Wauguzi waliona mizani imeshapima, wakaamini uzito umeingia. Haukuingia. Mashine ilichukua ulioachwa pale na mtoto aliyetangulia.

Kwenye nafasi ya jina, ambayo mashine huiandikia alama zake yenyewe nafasi ikirudishwa, zilikuwa zinatoka alama zisizosomeka. Wiki mbili nzima watu walizifanyia utani. "Huyu kapewa jina na mashine, wazee wamechelewa!" Karatasi mbili tatu za namna hiyo zililetwa mpaka stoo kwangu, nami nikacheka. Watoto hao walikuja kupimwa tu, hawakuhitaji dawa.

Wa Uwimana alihitaji. Uwimana ni mkulima, alijifungua katika kituo kimoja nje ya Kibondo. Mtoto wa kike, siku ya tatu, kilo mbili na nusu, homa kali. Kabla yake alipimwa mtoto wa kilo kumi na moja. Muuguzi Verediana alikuwa peke yake, wodi ya wazazi na foleni ya nje vyote vyake. Karatasi ikatoka, akaifuata, na wa zamu zilizofuata wakaifuata. Siku tatu mtoto mchanga alichomwa sindano za mtoto wa kilo kumi na moja.

Homa iliisha, lakini dawa ile ikizidi huharibu masikio. Mtoto hasikii.

Lawama zote zilimwangukia Verediana, kwa sababu sahihi ya kwanza ni yake na mashine haikosei. Akasimamishwa kazi. Sokoni walimwita kwa sauti: "Nesi, leo unapima kwa kijiko au kwa ndoo?" Aliacha kwenda sokoni, akawa anatuma watu.

Aliyeona kitu ni Adolphe, wa kambi ya Nyarugusu, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka betri tu. Alikaa kituoni akizilinganisha karatasi moja moja, kisha akaja karakana. "Papa Longin," alisema, "hii mashini haisahau. Iko napatia huyu mutoto kilo za mwenzake."

Nilikuwepo. Mzee hakubisha. Alifungua programu, akateremka mpaka 217, akausoma mstari ule. Kisha akaomba karatasi ya kuchapia.

Mkuu wetu wa mradi, Bwana Lusajo, ni mtu mwema, na alichosema alikisema kwa kumpenda. "Mzee wangu, umebakiza miezi kumi na minne. Rekebisha, peleka vituoni, tuseme ni toleo jipya. Nesi atahamishiwa kwingine, yataisha."

Yasingeisha kwa Verediana. Mzee aliingia kwenye kikao kilichoitwa kumjadili nesi, na ukurasa wake, mstari umepigiwa kalamu nyekundu, akauweka mezani. "Huu ni mkono wangu," alisema. "Nesi yule alifuata alichoandikiwa. Aliyeandika ni mimi." Mjumbe mmoja aliuliza kama haiwezekani kuwa ni hitilafu ya umeme. Mzee akasema umeme hauandiki C.

Verediana alirudishwa kazini. Mzee alipewa onyo la maandishi, na cheti cha utumishi uliotukuka, kilichokuwa kimeshaandaliwa, kikafutwa. Ndiyo maana leo hamtamwona akikabidhiwa kitu chochote zaidi ya saa ya ukutani, ambayo tumeichangia sisi wa chini. Onyo lilistahili, na yeye anasema hivyo. Cheti kilimstahili pia, na hilo nasema mimi.

Mashine zote thelathini na saba alizizungukia mwenyewe, kwa pikipiki, Adolphe nyuma na kompyuta kifuani. Sasa kila nafasi inaombwa kwa calloc, Ruka hairuki uzito tena, na uzito usipoingia karatasi haitoki. Ni mistari sita tu.

Kisha akaenda kwa Uwimana. Alinisimulia kwa ufupi. Alieleza yote, mama yule akiendelea kupukuchua maharage. Alipomaliza, Uwimana akauliza, "Na hiyo mashine imepona?" Akajibu ndiyo. "Basi imemtangulia mwanangu." Akaendelea na maharage yake.

Mtoto sasa anaitwa Prudence. Anatembea. Mzee aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mara kwa mara baada ya kustaafu, asaidie atakavyoweza. Jibu lilikuja mwezi uliopita kupitia kwa Verediana, ambaye leo yuko zamu na hakuweza kufika. Uwimana amesema: "Aje akishajua kuongea naye. Sitaki mtu wa kuja kumtazama tu."

Kwa hiyo yapo mambo ya kufanya huko aendako. Mzee amepata mwalimu wa lugha ya alama hapa Kasulu, anakwenda Jumanne na Alhamisi, amekaa katikati ya wazazi wa umri wangu. Nimeshamwona stoo akijifunza, mikono hewani, anakosea, anaanza upya. Mpaka jana alikuwa anajua alama arobaini. Ni chache. Anajua ni chache.

Mzee Longinus, asante kwa redio, kwa Mizani, na kwa kutotufundisha uongo. Sisi wa karakana tunakuombea afya, uzee usio na haraka, na vidole vyepesi.

Careen
Stoo ya vipuri, Kasulu