Magdalena Centehua, Mkunga wa Tlatelolco Aliyekataa Kutoa Kidole

Marehemu Magdalena Centehua alizaliwa hapa hapa Tlatelolco siku ya Sungura Wawili, mwaka wa Nyumba Saba, ambao kwa hesabu ya mapadri ni 1473. Ndio mwaka ule ndugu zetu wa mji jirani wa Tenochtitlan walipotupiga na mfalme wetu akaporomoka kutoka juu ya hekalu. Baba yake alikuwa mtega bata. Mtoto alitoka na kelele hata bata wa ziwa zima wakaruka kwa pamoja, wakaenda kutua kwa watu wengine, na baba akakosa kitoweo mpaka mvua za pili. Anayebisha akawaulize bata.

Kwa kuwa wa Sungura Wawili huandikiwa ulevi, mhesabu wa siku aliwashauri wazazi wangoje siku njema ndipo waoshe mtoto na kumpa jina. Wakangoja. Marehemu hakuonja pombe ya mkonge ujana wake wote. Alipopata mjukuu, na sheria ikamruhusu, alikunywa deni lote.

Masomo aliyapata katika nyumba ya nyimbo. Walimu walimsifu sauti, wakamwomba aitumie mbali kidogo na wenzake. Baadaye shangazi yake alimchukua kwenye nyumba ya mvuke akamfundisha ukunga: kumgeuza mtoto tumboni, kuchemsha mizizi, na kupiga ukelele wa vita mtoto anapotoka, maana mama ameteka mateka. Kitovu cha mvulana alikabidhi kwa askari wakakizike uwanja wa vita. Cha msichana alikizika mwenyewe kando ya mafiga.

Kazi hiyo ina upande wa pili. Mwanamke anayekufa na uzazi wake wa kwanza amekufa vitani, naye huzikwa kishujaa, jua likizama, katika uwanja wa miungu wa kike. Wakunga humzunguka wameshika ngao, kwa sababu vijana wa jeshi hutaka kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto. Mwenye kukitia ndani ya ngao yake, maadui humwona kama ukungu. Ni haki yao kujaribu, na ni haki ya wakunga kuwavunja meno.

Safari moja walikuja vijana watano. Marehemu alimdaka mkubwa wao sikio kwa meno.

“Niachie, bibi,” akasema yule. “Mimi ni mpiganaji.”

“Wewe?” marehemu akamjibu, sikio bado liko kinywani. “Nilikutoa mimi. Ulikuja duniani umetanguliza matako, na mpaka leo hujageuka.”

Sikio hilo, au lililobaki, tunalo hapa leo. Limekaa nyuma kule.

Aliolewa na Tototl, mchuuzi wa chumvi, wakafungwa vazi kwa vazi mbele ya moto kama ilivyokuwa desturi. Walijaliwa watoto wawili, Papan na mdogo wake Mazatl. Tototl alikufa kwa ndui mwaka wa Mawe Mawili ya Gumegume, ndio 1520, pamoja na nusu ya mtaa. Hapakuwa na mtu wa kusaga mahindi wala wa kuzika, na marehemu alimwangushia ukuta wa nyumba mumewe ukawa kaburi.

Mwaka uliofuata, wa Nyumba Tatu, Wahispania walituzingira na maelfu ya maadui zetu wa siku zote nyuma yao. Wenye umri wanakumbuka. Tulikula mijusi, tukachemsha ngozi za ngao, tukanywa maji ya chumvi yenye maiti zinazoelea. Papan alikuwa na mimba yake ya kwanza, mumewe ameshauawa kwenye barabara ya ziwani. Uchungu ulimkamata siku chache kabla mji haujaanguka. Marehemu alikuwa mkunga na mama kwa wakati mmoja, na mikono yote miwili haikutosha. Mtoto alitoka mzima, msichana. Papan akafa. Marehemu alipiga ukelele kwa ajili ya mtoto, kisha kwa pumzi hiyo hiyo akapiga wa pili kwa ajili ya mama wa mtoto.

Hapakuwa na mume wa kumbeba maiti mgongoni. Marehemu alimbeba mwenyewe, wakunga wawili wazee wakimfuata, mmoja na mtoto, mwingine na ngao zao. Uwanjani walimkuta Mazatl na wenzake wawili wakiwangoja. Alikuwa bado na kishungi cha nywele kisogoni, cha kijana ambaye hajateka mtu.

Marehemu alimlaza binti yake chini, akachukua ngao.

“Mama,” Mazatl akasema, “kidole kimoja tu.”

“Kaoge kwanza. Unanuka.”

“Mama, sichezi. Kesho tunasimama mfereji wa soko. Wenzetu wanaanguka kabla hawajainua rungu, na anayewaua hata hawamwoni. Dada angenipa.”

“Dada yako ana kazi kule aendako. Atalibeba jua kila alasiri mpaka lizame. Nimpeleke pungufu?”

“Ana vidole tisa vingine.”

“Na wewe una miguu miwili. Kimbia nayo.”

“Niende wapi, mama? Kote ni maji na wao.”

Marehemu aliinua ngao. Kijana akasogea. Angeweza kumsukuma kwa mkono mmoja, kwa njaa ile. Badala yake aliinama, akamwambia kwa sauti ya chini:

“Basi nipige. Nipige sawasawa, wenzangu wanatazama.”

Akampiga. Alimpiga kwa ukingo wa ngao usoni na mabegani mpaka vijana wale wawili wakamvuta mwenzao nyuma wakisema, “Twende, huyu si mama, huyu ni jaguari.” Mazatl aliondoka anatokwa damu puani, hana kidole. Kesho yake alisimama mfereji wa soko. Hakurudi, wala mwili haukuonekana.

Toka siku ile hadi majuzi watu wa mtaa huu walimsema. Wengine mmo humu. Mlisema, Centehua alibadilisha mtoto hai kwa kidole cha maiti. Aliyemfuata kumwambia usoni alijibiwa hivi: “Waliouawa vitani hulibeba jua toka alfajiri hadi utosini. Hapo wanawake waliokufa na uzazi hulipokea. Kila adhuhuri mwanangu anamkabidhi dada yake, na mkono unaolipokea uko mzima. Wewe wako wanakabidhiana nini?” Kisha aliingia ndani.

Alibatizwa Magdalena mwaka 1529. Aliendelea kuzalisha, ila ule ukelele aliupiga mdomo ukiwa ndani ya shuka, mapadri wasiusikie.

Oktoba mwaka huu wa 1545, wa Nyumba Moja, homa hii ya kutoka damu puani iliingia nyumbani kwake. Padri alikuja kumpaka mafuta, akamwambia ataonana na wapendwa wake wote.

“Hata wangu wawili? Walikufa hawajamwagiwa maji.”

Padri akajibu: “Hao hapana, mama.”

“Na kwa wazee wetu pia hapana,” marehemu akasema. “Anayekufa kwa maradhi huenda chini, kwenye nyumba isiyo na dirisha. Kumbe mmekubaliana.”

Hakulia. Alimwomba mjukuu wake amgeuze, kichwa kielekee mlangoni. Alilitazama jua likipanda, likafika utosini, likavuka. Hapo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona mzigo umepokelewa vizuri. Alifariki alasiri ya tarehe 19, katika zamu ya binti yake.

Ameacha mjukuu mmoja, Ana Xoco, yule msichana wa uwanjani, ambaye naye ni mkunga; vitukuu wawili; na sisi ndugu zake tuliosalia. Alikuwa pia na mbwa wa manjano, wa aina ile wazee waliyozika na maiti ili imvushe mto wa kule chini. Hajaonekana tangu jana. Padri akiuliza, amepotea.

Njia yake ni ndefu na giza lake ni la kweli. Apite salama, akifika akae, apumzike.