Jogoo wa Marehemu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu. Wengi mnanijua, mimi ni fundi cherehani wa pale Biryogo, lakini leo sitazungumzia nguo.

Mume wangu alipofariki, nyumba ilijaa watu siku zote za ikiriyo, yaani matanga. Walinisifu kwamba sikulia. Msiba ulipokwisha wakaondoka na viti vyao, nikabaki na jogoo wake, ambaye marehemu alimlisha kwa mkono kila asubuhi. Niliacha cherehani, nikaacha kuja kusali hapa nanyi, nikawa naongea na jogoo tu. Halafu naye akafa.

Sikuweza kumtupa. Nawaambia ukweli, niliona nikimfukia yeye ninamzika mume wangu tena. Kwenye simu nikakuta video za watu wanaokausha ndege waliokufa wakabaki kama wazima. Basi nikamchuna, nikazungusha pamba kwenye waya kuwa mwili, nikauvisha ngozi yake na kushona. Fundi mimi, nikaivuta ikambana kama gauni la bibi harusi. Kumbe ngozi ikikauka hurudi, kama kitambaa kilichofuliwa. Shingo ikapasuka, na kwa kuwa mafuta sikuyakwangua vizuri, harufu ikafika uchochoroni. Majirani wakachungulia, wakamwona, wakasema ninaroga.

Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wenzangu wakizibua mitaro, mimi nilijifungia ndani. Mama mmoja jirani akagonga. Nilidhani amekuja kunigombeza, kumbe amebeba beseni, ndani mna kuku wake aliyekufa.

"Wanasema iko uchawi hapa," akaniambia. "Mimi pia nilizika bwana, najua si uchawi. Shika huyu, jaribu tena. Mimi nakaa."

Akakaa. Tangu msiba hakuna aliyekuwa ameketi kwangu. Nikakwangua mafuta yote, na ngozi nikaiacha ilegee kidogo. Katikati ya kazi nikaanza kulia. Hakuninyamazisha, akalia na yeye.

Kuku yule alikauka bila kupasuka. Wiki iliyofuata nikarudi kwenye cherehani.

Namshukuru Mungu, na mama yule aliyekaa hapo nyuma, ambaye hataki nimtaje. Nawashukuru hata ninyi mlioniita mchawi, maana sasa mnaniletea njiwa wenu waliokufa niwakaushe.

Ninaloomba ni moja. Aliyefiwa msimsifu kwa kutolia. Viti vikishaondolewa, rudini mkakae naye.

Jogoo nilimfungua, nikamsafisha upya. Yuko dirishani kwangu, na kiraka chake shingoni.