Jina la Mama Mkwe Halirukwi

Kwenye basi nilikaa dirishani. Kando yangu fundi umeme alipakata kompyuta, akirekebisha hotuba ya kumuaga kazini mama mkwe wake. Ng'ambo ya njia alikaa katibu muhtasi, ambaye uvumilivu ulimwishia mapema.

"Kaka, kosa liko mwisho wa mstari na wewe unasogeza kishale herufi moja moja. Shika kitufe cha Kontroli, kishale kitaruka neno zima."

"Najua, dada. Ila hapo mbele kuna jina la mama mkwe. Nimruke?"

Nilidhani anatania. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye msibani.

"Basi shuka mstari wa chini, utokee upande wa pili."

"Nimpitie uvunguni?"

Katibu akashusha pumzi. "Shika Shifti, chagua jina lote, likate, ukimaliza ulibandike tena."

"Nimshike mama mkwe, nimkate, halafu nimbandike."

"Ni maandishi tu, kaka."

"Kwa herufi kubwa, dada."

Jina lenyewe lilikuwa refu, na vyeo vyote mbele yake. Alama ya betri ilikuwa imeshakuwa nyekundu. "Itazima, na hotuba ni leo," katibu akamwambia. "Izime tu," fundi akajibu, "adabu yangu haitumii betri."

Basi likasimama kituoni kwangu. Nikamwomba anipishe. "Subiri kidogo, ndugu yangu, siwezi kumwacha katikati."

Kondakta alishagonga bodi basi liondoke. Nikainua mguu, nikamruka.

"Umeona?" nilimsikia akimwambia katibu. "Huyo ndiye mtu wa Kontroli."