Fundi Nyundo na Tairi la Nyuma la Kulia

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, poleni na ahsanteni kwa kufika. Historia hii imeandikwa mara mbili, ya kwanza ilimfanya marehemu kuwa mtu mpole, mjane wake akaisoma, akaichana, akasema huyo mtu hamfahamu, kwa hiyo inasomwa hii ya pili, na anayeisoma ni mdogo wake wa pekee, yule ambaye mkono wake wa kushoto mnauona ulivyopinda.

Marehemu, ambaye hata mama yake mzazi alimwita Nyundo, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mwashi, ambako mkanda wa baba ulining'inia kwenye msumari juu ya meza ya chakula, na haukukaa pale kama pambo. Alianza darasa la kwanza Januari 1976, akafukuzwa tarehe 3 Juni 1982, akiwa darasa la saba, kwa kumvunja taya kiranja aliyemsukuma mdogo wake kwenye ngazi, na mdogo wake huyo, Mungu amsamehe, siku ile alifurahi sana.

Mwaka 1983 aliingia gereji ya mjomba wake, na tarehe 1 Februari 1994 akafungua ya kwake, nyuma ya ghala la mbao, akamchukua mdogo wake wafanye kazi pamoja. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu, hilo halina ubishi, lakini hasira zilikuwa puani, alimtupia mteja betri, akamng'oa meno mawili fundi rangi wa jirani kwa neno ambalo leo hakuna anayelikumbuka, na bolti ikigoma aliitukana kwanza kisha akaipiga. Tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na mshona mapazia, ambaye alimwambia mbele ya wazee wote kwamba mkono wake ukimgusa hata mara moja, atalala gerejini mpaka kufa, na hapo tu ndipo Nyundo alipojua kurudi nyuma, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1999 na 2003, ambao hakuwahi kuwanyanyulia hata kidole.

Sasa tufike kwenye lile gari, maana mnaongea chini chini, heri liongelewe hapa. Agosti 2016 daktari wa mifugo alileta stesheni wagon yake, ameiinua kwa springi ndefu na kuivika matairi makubwa ili apite njia mbovu za wafugaji, na tairi la nyuma la kulia lilikuwa linasugua bodi kila likipita shimo. Nyundo akakata ukingo wa bodi kwa msumeno, akaanza kuukunja kwa nyundo ya kilo mbili, bati likilia uwanja mzima, huku mdogo wake akimwonyesha kwamba tairi la kushoto halisugui hata kidogo, maana yake ekseli yote imevutwa kulia, kwa kuwa gari limepanda juu na ile rodi inayoishika isiyumbe kando imebaki fupi vilevile, basi dawa ni kuirefusha rodi, siyo kulipiga bati lisilo na kosa. Alimnyooshea tepu, akamwambia, "Pima kwanza, kaka."

Jibu lilikuwa nyundo, ilishuka mara mbili kwenye mkono ulioshika tepu, mfupa ukatokeza nje ya ngozi, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha gari, na ilikuwa Jumanne tarehe 9 Agosti 2016. Ndugu hao hawakusalimiana tena kwa karibu miaka mitatu. Tarehe 27 Septemba mwaka uleule, ukingo uliokatwa ulilichana tairi lile, likapasuka gari likiwa mbioni, likabiringika mara tatu, na daktari, ambaye yupo hapa mbele na magongo yake, alikatwa mguu wa kushoto.

Tangu siku hiyo marehemu alishikwa na shinikizo la damu, hakupigana tena na mtu, akalivuta gari lile gerejini, akalinyoosha bati kwa bati, na mwaka huu, kwa mkono wake mwenyewe, akatengeneza rodi ndefu zaidi. Jumanne tarehe 11 Juni 2019, saa tano asubuhi, akiwa chini ya gari lililosimama kwenye jeki moja tu, bolti ya rodi ya zamani iligoma, naye, badala ya kuitia mafuta na kuingoja, akaipiga. Jeki iliteleza, gari likamshukia kifuani, mbavu sita zikavunjika.

Aliishi siku mbili. Mdogo wake alikwenda hospitali akiwa amejaa maneno ya miaka mitatu, lakini marehemu alimshika mkono huu uliopinda, akaulaza shavuni kwake, akalia, akasema, "Kapime wewe." Alifariki Alhamisi tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliokesha nasi, mafundi walioliinua gari lile kwa mikono yao, na daktari wa mifugo, aliyekubali gari lake litumike leo.

Ndiyo, ni lile lile. Bolti ilitoka Ijumaa kwa mafuta na subira, rodi aliyoitengeneza ikaingia kama iliyozaliwa pale, tepu ikasoma kati ya tairi na bodi sentimita kumi na moja kulia na kumi na moja kushoto, na asubuhi hii limebeba jeneza na watu wanne katika njia yenye mashimo yote mnayoyajua, mdogo wake akiwa amekaa nyuma upande wa kulia, ametega sikio njia nzima.

Pumzika kwa amani, kaka, halisugui.