Fundi Aliyemhurumia Daktari

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa mama yetu. Alisoma hadi darasa la saba, akakaa kwenye cherehani na hakuinuka tena. Nyingi ya sare za shule za mtaa huu zilipita mikononi mwake. Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na seremala, Mungu akawajalia watoto watatu.

Lakini kuinama kulimla mgongo. Alimeza vidonge hadi tumbo likakataa. Mwaka 2014 hospitali ikatafuta watu wenye maumivu ya muda mrefu, ipime kama kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa kunasaidia kweli. Wengine wangechomwa sawasawa, wengine wangeguswa tu na sindano butu, na mgonjwa asijue yuko kundi gani. Marehemu alicheka, akasema yeye amejichoma maisha yake yote na hakuna aliyempima, kisha akajiandikisha.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Kila alipomuuliza hali, marehemu alijibu kuwa nafuu ipo, tena kubwa. Kisha alirudi nyumbani akishikilia ukuta. Mumewe akamuuliza mbona anadanganya.

"Nitamvunjaje moyo mtoto wa watu, na anavyojitahidi vile?"

"Na mwenye mgongo kama wako, atakayeambiwa kunaponya kwa sababu wewe umesema?"

 Usiku huo alisali, na asubuhi akarudi hospitali.

"Mwanangu, mgongo unauma vilevile. Nilikuwa nakuhurumia tu."

Daktari alimshika mikono, akamshukuru, akasema hata "haijanisaidia" ni jibu wanalolitafuta, akaandika upya. Wapo waliopata nafuu. Yeye hakuipata, na hakuona haya tena kusema. Tangu hapo ukimuuliza hali, unaambiwa hali, hata kama ulikuwa unapita tu.

Mwaka jana figo zilianza kushindwa, na mwaka huu akalazwa. Kila asubuhi mimi mdogo wake nilimuuliza hali, naye akajibu kuwa anaumwa, mgongo na vingine. Tarehe 14 Juni, asubuhi, alijibu, "Leo hakuna panapouma." Saa sita mchana akatutoka. Tulimwamini, maana alikuwa ameacha zamani kumdanganya mtu kwa huruma.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na cherehani yenye uzi bado. Mungu amlaze mahali mgongo unaponyooka. Amina.