Jina Chini ya Dodoso

Mgeni rasmi, Bi Zuleikha Badar, Mwenyekiti wa Bodi; Bwana Meneja; wageni mliotoka afisi kuu ya Shangani; na sisi wenyewe tuliojikunyata huku nyuma: Assalamu alaykum.

MAKARIBISHO

Sisi wafanyakazi hamsini na watatu wa Kiwanda cha Viungo Shamba Jipya, hapa Kidichi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kuzindua ripoti ya utafiti uliofanywa juu yetu, na tumeambiwa ripoti inasema tumeridhika. Uwanja tumeufagia tangu alfajiri, majamvi tumetandika, na tende ulizoonjeshwa tumezileta kutoka majumbani kwetu. Furaha ya kukuona tunayo. Lakini hatutakuficha: kilichotujaa vifuani leo ni hofu, na tunaomba utuvumilie tukikwama katika kusoma.

HISTORIA

Kiwanda hiki kilianza kwa wanawake kumi na mmoja na nyungo zao. Walichambua karafuu, wakamenya mdalasini, wakaanika pilipili manga juani. Baadaye zikaja mashine mbili, ya kukausha na ya kusaga, na leo viungo vyetu viko katika maduka ya Mji Mkongwe.

Tisa miongoni mwetu hawakupata kukaa skuli. Walisoma chuoni tu, chuo cha Kurani, na mpaka leo wakiandika Kiswahili wanakiandika kwa herufi za Kiarabu. Madebe yetu ya zamani yote yana majina ya viungo kwa mwandiko huo, na hakuna hata siku moja ulipomdhuru mtu.

MAFANIKIO

Mwaka huu tumefanyiwa utafiti. Tunautia katika mafanikio kwa sababu hatukuwahi kuulizwa kitu tangu kiwanda kianze. Bi Sheikha, afisa wa afisi kuu, alikaa nasi siku tatu, mkononi ana saa na daftari lake, akituangalia tunavyofanya kazi. Sasa sisi, mtu akija kwetu hatumwachi mdomo mkavu. Siku ya kwanza tukampa chai na vitumbua, ya pili mkate wa kumimina, ya tatu urojo. Tunasikia ripoti imeandika kwamba dakika arobaini kwa siku hupotea kwa kula. Ni kweli zilipotea, ila aliyekuwa akila ni yeye.

Kisha tukapewa dodoso, maswali ishirini na mawili, na juu yake kwa herufi nene: usiandike jina lako. Wale tisa walisomewa maswali na wenzao, wakajibu kwa mwandiko wao. Walianza na Bismillahi, wakamtakia afya atakayesoma, wakajibu walivyoulizwa, na mwisho kila mmoja akatia jina lake. Tuliwaambia imekatazwa. Wakatucheka! Kwao barua isiyo na jina ni ya fitina, ile inayopenyezwa chini ya mlango wa mtu, na wao si watu wa mambo hayo.

CHANGAMOTO

Afisi kuu haikuweza kuzisoma karatasi tisa zile. Ikazirudisha kwa Bwana Meneja amtafute mtu wa kuzisoma. Alhamisi iliyopita akamwita Rukaiya, mwenzetu wa kufungasha, mwepesi wa kucheka kuliko sote. Alikwenda huku anajipangusa vumbi la pilipili, akidhani ameitwa kwa ajili ya mzigo wa bandarini.

Karatasi ya kwanza iliomba glavu. Ya pili ilimwombea dua kila mtu kiwandani, Meneja mwenyewe akiwamo. Rukaiya alizisoma kwa furaha, na majina pia akayasoma. Ilipofika ya tatu akaona kwamba Meneja anayaandika majina pembeni, moja moja. Hapo akatamani kuacha, lakini angeachia wapi? Akaendelea mpaka ya nane, na Mungu akamsitiri, zote zilikuwa salamu na glavu.

Ya tisa aliutambua mwandiko kabla ya kusoma neno. Ni wa mwalimu wake wa chuoni, aliyemshika kidole akiwa na umri wa miaka sita akamfundisha kuandika alifu. Alishukuru moyoni, maana alimjua mama yule kwa upole wake. Basi akasoma kwa sauti, akafika swali la kumi na saba: je, kuna jambo linalokutia hofu kazini?

Jibu lilisema kwamba meno ya mashine ya kusaga hayana kifuniko tangu kabla ya Ramadhani, kiliondolewa ili kazi iende mbio. Kwamba Bi Sheikha alipokuja kuangalia kilirudishwa, na alipoondoka kikaondolewa tena. Kwamba mtandio wa mwenzetu Dalal ulivutwa na meno yale ukamkaza shingoni, na kilichomwokoa ni umeme kukatika wakati ule ule. Rukaiya akaisogeza karatasi kwenye mwanga. Mstari uliofuata ulimtaja aliyetoa amri.

"Mbona umesita?" Meneja akauliza.

"Wino umefifia, bwana."

"Haujafifia. Hata mimi nnauona. Haya, soma."

Akasoma. Meneja hakugomba, na Rukaiya anasema afadhali angegomba. Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho, uliokaa peke yake.

"Na hapa?"

"Hapo pana jina."

"Nnajua pana jina. La nani?"

Rukaiya anasema alilitazama jina lile tena. Alimfikiria mwalimu wake, mjane mwenye wajukuu watatu wanaomtegemea. Akawafikiria na wanawe mwenyewe. Hakuwa na ushujaa wowote, ndivyo alivyotwambia, aliogopa mpaka masikio yakamvuma, na akafungua mdomo kwa nia ya kusema kweli.

"Langu, bwana. Nimeandika mimi."

"Wewe si umesoma skuli?"

"Nimesoma kote."

Akaambiwa arudi kazini, na Jumatatu afike kuchukua barua yake. Hakumwambia mtu. Jana orodha ya zamu za mwezi ujao ikabandikwa, jina lake halimo. Tukamzunguka, "Rukaiya, umefanya nini, mwenzetu?" Akalia hata tukaogopa atazimia, ndipo akatueleza yote.

Tangu jana, Mgeni rasmi, tunaogopa. Tunaogopa mashine, tunaogopa barua, tunaogopa hata kusimama wawili wawili tusidhaniwe tunapanga jambo. Nakala ya risala iliyo mezani kwako ilipigwa chapa afisini. Ina kurasa mbili na shukrani nyingi. Wapo kati yetu waliotaka tusome ile. Hatuwalaumu, kila mtu ana watoto.

MAOMBI

Tunaomba, kabla hujaizindua ripoti, utembee hatua chache ukaione mashine. Kifuniko utakikuta, kimerudishwa leo asubuhi kwa ajili yako. Tazama skrubu zake zinavyong'aa, halafu tazama vumbi la mashine iliyobaki.

Tunaomba uzichukue karatasi zile tisa uende nazo mjini. Ziko afisini kwa Bwana Meneja, katika kabati la chuma, rafu ya pili.

Tunaomba siku nyingine mkituuliza jambo, majibu yetu msimwachie aliyetajwa ndani yake.

La mwisho ni Rukaiya. Tunaomba asipewe barua Jumatatu.

HITIMISHO

Rukaiya amekaa safu ya tatu, ameinamisha uso. Hakujua kwamba tungeyasema haya, na pengine amekasirika. Atusamehe. Jina alilolisoma Alhamisi halimo katika karatasi ile, na yeyote aliyepita chuoni anaweza kulihakikisha hilo, hapa hapa mbele ya hadhara.

Pengine umeshangaa, Bi Mwenyekiti, kumwona anayekusomea akizifungua kurasa kutoka kulia. Mwandiko huu ndio pekee anaoujua. Anaogopa, na anasoma hivyo hivyo.

Jina lililo chini ya karatasi ya tisa ni lake: Mwanaasha binti Ahmada, mchambuzi wa karafuu, hapa mbele yako.

Mwenyezi Mungu akurejeshe mjini kwa salama, akulinde wewe na wote unaowapenda, na Jumatatu atukutanishe kazini sote, pasipungue hata mmoja.

Wa salaam, ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Viungo Shamba Jipya,
Kidichi, Unguja.